Bodi ya Shule (BOM): Nani Huketi, Huamua Nini na Pesa Hupotelea Wapi

Ukiteuliwa kwenye bodi ya usimamizi ya shule ya umma nchini Kenya, ile ambayo kila mtu huiita BOM, jua kwanza nani ameketi mezani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka wajumbe 13: sita wa wazazi au jamii, watatu wa mfadhili wa shule (mara nyingi kanisa), na mmoja mmoja kutoka Bodi ya Elimu ya Kaunti, walimu, makundi maalumu na watu wenye mahitaji maalumu. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi huhudhuria kwa wadhifa wake. Bodi yaweza kuongeza watu wasiozidi watatu, na mlango huo ndio viongozi wa Chama cha Wazazi hupitia.

Mkuu wa shule ni katibu. Si mwenyekiti. Kuna shule ambako hilo halionekani kabisa: mkuu anasoma ajenda, anaijibu mwenyewe, kisha chai inaletwa.

Dai karatasi wiki moja kabla ya kikao: ajenda, kumbukumbu za kikao kilichopita, taarifa za benki na orodha ya madeni. Ukipewa hesabu mlangoni, omba kipengele hicho kiahirishwe. Uamuzi uandikwe pamoja na kiasi, aliyependekeza na aliyeunga mkono. "Bodi ilikubali kununua madawati" hakumfai mkaguzi. "Madawati 40, bei ya kila moja, kutoka akaunti ya uendeshaji" kunamfaa.

Sasa pesa, maana ndiko bodi nyingi huangukia. Tangu 2018 mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa uliwekwa shilingi 22,244 kwa mwaka, ukitolewa kwa muhula: asilimia 50, 30, kisha 20. Shule ya wanafunzi 400 ingetarajia 8,897,600, nusu yake muhula wa kwanza. Kinachofika huwa pungufu, tena kimechelewa. Bodi inayopitisha bajeti kwa kiasi kizima humaliza mwaka ikidaiwa na muuza mahindi na muuza kuni. Pangeni matumizi ya lazima kwa kilichoingia muhula uliopita, yaliyobaki yasubiri. Wala msichote akaunti ya mafunzo kulipia umeme; vitabu na kemikali za maabara ndivyo huumia.

Mchango wowote juu ya karo unahitaji kibali cha Waziri kwa mashauriano na bodi ya kaunti. Wazazi kuinua mikono uwanjani si kibali. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa kutoulipa, na kila shilingi itolewe risiti rasmi. Mjumbe naye haruhusiwi kuiuzia shule yake maharagwe: sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inamkataza, hata bei yake ikiwa ndiyo ya chini.

Mwalimu wa TSC, tume ya kitaifa inayoajiri walimu, hafutwi na bodi. Bodi hupeleka ushauri kuhusu upungufu wa walimu kwa kaunti, na huajiri wafanyakazi wasio walimu. Wale "walimu wa BOM" wanaoziba pengo wapewe barua yenye mshahara na tarehe ya mwisho. Asiye na barua huja kudai malimbikizo wakati bodi iliyomwajiri imeshaondoka, na kumbukumbu hazimtaji.

Kesi ya nidhamu isikilizwe mwanafunzi na mzazi wakiwapo, kisha taarifa iende kaunti. Kiboko kimepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi, kwa hiyo bodi ikiandika "viboko vinne" kwenye kumbukumbu, imejiandikia ushahidi.

Mzazi mwenye lalamiko aandike barua kwa katibu wa bodi, nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na nakala yake mwenyewe igongwe muhuri wa kupokelewa.