Jinsi ya kuuza Yamaha XT500 ya zamani uliyoifufua na kuibadilisha

Wadau, hii ni kwa yeyote mwenye pikipiki ya Kijapani ya kizamani, kaifufua, kabadilisha vitu viwili vitatu vya kwake na sasa anataka kuiuza bila kupunjwa na bila kumpunja mtu. Nachukua mfano wa XT500 kwa sababu ndo ninayoijua nje ndani, ila mengi humu yanafaa hata kwa mwenye Honda XL au Yamaha DT.

Kwanza jua unauza nini. XT500 iliingia sokoni kama toleo la 1976, silinda moja, stroki nne, 499cc, breki za dramu mbele na nyuma, haina self, ni kiki tu. Mbio za kwanza kabisa za Paris–Dakar zilizoisha Januari 1979, Cyril Neveu alizishinda akiwa juu ya hii hii, na ndo maana Ujerumani na Ufaransa watu wanaitafuta mpaka leo. Weka hilo kwenye tangazo lakini sentensi moja inatosha, maana anayekuja kununua chuma cha namna hii mara nyingi anakijua, hahitaji historia, anataka kujua hii yako imefanywa nini na nani alifungua injini.

Hapo ndo penye pesa. Pikipiki iliyobadilishwa mnunuzi anaiogopa, na ana haki ya kuiogopa, kwa sababu hajui ulipokata na ulipochomelea. Kwa hiyo kaa chini na daftari uandike kila kitu kilichobadilika, cha zamani kilikuwa nini, kipya ni nini, kwa nini. Mfano: umeme wa kiwandani ulikuwa volti 6, taa ya mbele ilikuwa kama kibatari, nimeweka mfumo wa volti 12 na ignisheni ya elektroniki, platini (zile pointi za ignisheni ya kizamani) na waya wa zamani vipo kwenye boksi. Shokapu za nyuma mpya. Spoku za stainlesi, rimu zilezile, 21 mbele na 18 nyuma. Silinda ilichongwa, pistoni iliyomo sasa ni ya ovasaizi 0.50, yaani nusu milimita zaidi ya ile ya kiwandani. Hilo la mwisho usilifiche hata kidogo, kwa sababu anayejua atakuuliza, na jibu lake linamwambia kama silinda bado ina nafasi ya kuchongwa tena au imeshafika mwisho.

Mabadiliko nayagawa mafungu mawili. Yale ya kufungua bolti na kurudisha ya zamani hayashushi bei, mengine yanaipandisha, kama hiyo volti 12. Yale ya msumeno ndo yanaumiza. Kama ulikata mkia wa fremu uweke siti fupi ya kisasa, jua umeshawapoteza wote wanaotaka ya asili, baki na wale wanaopenda muonekano huo na bei uishushe kwa hilo. Piga picha ya weldi kwa karibu uiweke kwenye tangazo kabla hawajaitafuta wenyewe. Na zile filta ndogo za koni ambazo kila mtu anafunga siku hizi, kama uliziweka bila kubadilisha jeti za kabureta (vile vitundu vinavyopima mafuta), injini inakosa mafuta na mtu mwenye sikio atasikia inapasukapasuka ukiachia mwendo. Rekebisha kwanza, au rudisha boksi la filta la zamani.

Vitu vya zamani usivitupe na usiviuze kimoja kimoja. Tenki la aluminiamu hata kama limebonyea, sailensa, taa, ngao za pembeni, vyote boksi moja na vinaondoka na pikipiki. Spea za injini bado zinapatikana kwa sababu SR500 iliyokuja 1978 ilizaliwa na injini hii hii, na duka kama Kedo la Hamburg linahudumia zote mbili, lakini vitu vya bodi vya asili ni shida kweli kuvipata na mnunuzi makini atakulipa kwa hilo boksi.

Makaratasi ndo panapovunjika mauzo mengi. Kwa sisi wa Tanzania, toa kadi, nenda na tochi, safisha chasisi kwa kitambaa usome namba wewe mwenyewe, halafu ya injini, ulinganishe na kadi herufi kwa herufi. Namba za XT500 nyingi zinaanza na 1E6 au 1U6. Kama injini ilibadilishwa huko nyuma, au ulipaka rangi nyingine na kadi inasema nyingine, maliza hilo TRA kabla ya kutangaza, usimwachie mnunuzi mzigo wako. Angalia pia kama namba ya pikipiki ina deni la faini za trafiki. Kama kadi bado ina jina la yule aliyekuuzia wewe, mtafute sasa hivi, sio siku mteja amekuja na hela mkononi. Na kwenye picha za mtandaoni ficha tarakimu za mwisho za chasisi na picha ya kadi usiiweke kabisa.

Picha piga asubuhi au jioni jua likiwa chini, pande zote mbili, namba za mita, chini ya injini, na kila kasoro. Tangaza Instagram na magrupu ya WhatsApp ya wapenda pikipiki, ukimpa dalali wa kawaida ataipima na bei ya bodaboda na mtagombana bure.

Siku ya kuonyesha usiiwashe kabla mtu hajafika. Mwache aweke kiganja kwenye injini aone ni ya baridi, hapo tu umeshaongeza imani. Kisha mwonyeshe kiki inavyopigwa kwenye hizi, maana asiyejua anaumia, silinda kubwa ikirudisha kiki inaweza kuvunja mguu. Fungua koki ya mafuta, vuta choki, sukuma kiki kwa mguu taratibu mpaka ikaze kabisa. Hapo bana kale kalevaa kadogo kalikopo mkono wa kushoto kanakoachia kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), endelea kusukuma kidogo sana huku unachungulia kadirisha kadogo kwenye silinda hedi upande wa kulia, ikitokeza alama ya rangi ya fedha simama, achia levaa, acha kiki irudi juu. Sasa piga kiki moja ndefu mpaka chini na mkono usizungushe mafuta. Injini iliyo nzima itawaka kiki ya kwanza au ya pili, halafu mpe naye ajaribu mwenyewe, akifanikiwa huyo ameshaanza kuipenda.

Ishu ya oili nayo mweleze hapohapo. Oili haikai chini kama pikipiki nyingi, inakaa ndani ya bomba la fremu, na ikilala siku kadhaa inateremka taratibu kwenye injini, stiki inaonyesha imeisha kumbe ipo. Watu wanaongeza wanajaza kupita kiasi. Iwashwe dakika chache ipate moto ndo upime.

Kujaribu barabarani ni haki yake lakini leseni yenye daraja A uione, bima iwe hai, helmeti kichwani, na hela yote au kitambulisho ubaki nacho wewe.

Bei sasa. Usijumlishe risiti zako ukasema ndo bei, saa zako za gereji hakuna atakayezilipa zote na inauma lakini ndo soko lilivyo. Risiti ziweke kwenye faili zimwonyeshe kazi imefanyika. Weka bei moja, jua moyoni mwako ya mwisho ni ipi, na anayekuandikia "mwisho bei gani" hajaiona hata pikipiki mwambie kwa upole bosi wangu njoo uione kwanza.

Mkikubaliana, mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nakala za NIDA na TIN za wote wawili, hela ipite benki. Kwenye mkataba andika tarehe na SAA ya kukabidhiana, kwa sababu akigonga mtu jioni hiyohiyo polisi wataanza na jina lililopo kwenye kadi. Kesho yake nendeni pamoja TRA mbadilishe umiliki, na boksi la vitu vya zamani lisibaki kwako kwa ahadi ya kulifuata baadaye, lipakieni siku hiyohiyo pamoja na lile daftari.