Seva ya nyumbani haioni kadi ya netiweki: anza na raba ya shule kabla hujatoa hela

Niko Mtwara mjini, Shangani, huku bahari unaisikia usiku ukitulia, na seva yangu ni desktopu kuukuu iliyotoka ofisini kwa watu, nikaiwekea Debian (aina ya Linux), mle ndani kuna picha za familia, muvi za watoto na rekodi za kamera ya getini. Siku hiyo umeme ukakatika, ukarudi, mashine ikawaka vizuri tu, feni inazunguka, lakini kwenye netiweki haipo. Nikaiungia monita, nikapiga `ip link` (inaorodhesha netiweki zote za mashine), naona `lo` peke yake, ile ya mashine kuongea na nafsi yake. Poti ya kwenye mazabodi ilishakufa na radi zamani kwa hiyo nilikuwa nategemea kadi ya kuchomeka tu, na hiyo kadi ndo haionekani. Nikanyong'onyea. Nikaagiza nyingine Kariakoo, ikaja na basi, nikachomeka palepale ilipokuwa ya mwanzo, na yenyewe haionekani! Hapo ndo nikashtuka kwamba mgonjwa sio kadi, na hela imeshaenda.

Kwa hiyo njomba, kabla hujashika simu kuagiza kitu, jua kwamba "haioni kadi" ni magonjwa matatu yenye jina moja. Kuna mashine yenyewe haijui kama imechomekwa kitu. Kuna mashine inajua ila Linux haina draiva, yaani programu ya kuiendesha. Na kuna kila kitu kizima ila jina la kadi limebadilika, setingi zako zinaita mtu aliyehama. Hata ufomati mara kumi, ugonjwa wa kwanza hauponi.

Kipimo ni komandi moja:

`lspci -nnk | grep -A3 -i ethernet`

Ikirudi kimya kabisa, uko kwenye ugonjwa wa kwanza. Ikileta mstari wenye jina la chipu na namba kama `10ec:8168`, mashine imeiona (10ec ni Realtek, 8086 ni Intel), sasa angalia chini yake kama kuna `Kernel driver in use`. Huo mstari ukikosekana ni ugonjwa wa pili. Ukiwepo, ni wa tatu, au ni kebo tu. Na usidanganyike na taa za poti, zile zinaweza kuwaka kwa umeme wa akiba unaopita hata mashine ikiwa imezimwa, mi zilinidanganya nusu saa nzima nabadilisha kebo.

Tuanze na wa kwanza maana huku pwani ndo unatusumbua. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani kabisa, sio kuzima swichi tu, alafu bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki ndani uishe. Wakati mwingine hapohapo inapona, hasa Realtek kwenye mashine yenye Windows na Linux pamoja, Windows inaizima kadi vibaya na Linux ikija inakuta imelala. Ikigoma, fungua kava, shika bati la kesi kwanza, fungua skrubu na uichomoe kadi.

Sasa angalia yale meno ya dhahabu kwenye mwanga. Yangu yalikuwa na ukungu hivi, na meno mawili ya pembeni yana ukijani kama wa shilingi ya zamani iliyookotwa ufukweni. Chumvi hiyo. Upepo wa bahari unaingia dirishani, feni inauvuta ndani siku nzima, unadhani unaenda wapi? Nikachukua raba ya mwanangu ya shule, ile nyeupe laini, nikasugua taratibu kwa kuelekea upande mmoja, kutoka ndani kwenda nje, pande zote mbili, raba ikatoka na mistari myeusi na meno yakang'aa. Mabaki ya raba yapulize na uyafute, yasiingie kwenye sloti, lile tundu la kuchomekea kadi. Sloti yenyewe isafishe kwa brashi ya meno mpya na alkoholi ya kusafishia bodi, mafundi simu wanayo, omba kidogo, na uache ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme. Usitumie msasa! Kuna fundi aliniambia nitumie msasa, huo unakwangua dhahabu yote na baada ya miezi kadhaa unarudi kulekule kwa kasi zaidi.

Ukirudisha, jaribu sloti nyingine. Kadi fupi ya x1 inakaa vizuri tu kwenye sloti ndefu ya x16, haina shida. Mi nilivyohamishia kadi mpya kwenye sloti ndefu ikaonekana hapohapo, nikaitoa nikaweka ile ya zamani iliyosuguliwa na raba, nayo ikaonekana. Yaani sloti fupi ndo ilikuwa imeoza, na kadi mpya iko kwenye droo mpaka leo.

Bado kimya? Ingia bayosi, zile setingi za mashine zinazokuja kabla Linux haijawaka. Kama ni poti ya kwenye mazabodi angalia `Onboard LAN` isiwe `Disabled`, na kama saa ya bayosi imerudi miaka ya nyuma ujue betri imekufa, kila umeme ukikatika setingi zinafutika, ni ile ya duara CR2032 ya volti 3, badilisha. Jingine ambalo watu hawalijui, kwenye mazabodi nyingi ukichomeka SSD ya M.2 sloti moja ya PCIe (hizi za kuchomekea kadi) inazimika kwa sababu wanagawana njia, iko kwenye kitabu chake cha maelekezo. Na kama kadi imekufa, na kabla ya hapo palipiga radi, na una waya wa kamera unaopita nje juu ya bati, usisumbuke sana, ndo ilivyokufa poti yangu.

Ugonjwa wa pili ni mwepesi. Piga `dmesg | grep -i -e r8169 -e firmware` usome inalalamika nini. Kadi za Realtek za 2.5G, chipu ya RTL8125, zinataka keneli (kiini cha Linux) kuanzia 5.4, kwa hiyo mfumo wa zamani hautaijua hata ufanyeje, apgredi. Ikidai femuwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe), kwenye Debian ni `apt install firmware-realtek`, hakikisha `non-free-firmware` ipo kwenye sources, ile orodha ya mahali apt inapochukulia programu. Utauliza nitainstolije wakati sina netiweki? Chomeka simu kwa USB, washa tetharing, mara nyingi Linux inaitambua bila kuuliza, piga `ip link` utaona kitu kipya, bando la simu linatosha kabisa. Angalia pia `grep -r blacklist /etc/modprobe.d`, usije kuta wewe mwenyewe uliifungia draiva ukiwa unajaribu mambo ukasahau.

Wa tatu unawapata sana wenye Proxmox, ile ya kuendesha mashine nyingi ndani ya mashine moja. Umeongeza kadi ya grafiksi au SSD, namba za PCI zimesogea, `enp3s0` imekuwa `enp4s0`, na kwenye `/etc/network/interfaces` bado `bridge-ports enp3s0`. Badilisha jina, piga `ifreload -a`, imerudi. Ukitaka isikusumbue tena ifunge kwa MAC, namba ya utambulisho ya kadi yenyewe, tengeneza `/etc/systemd/network/10-lan0.link`:

```
[Match]
MACAddress=weka-ya-kadi-yako

[Link]
Name=lan0
```

Alafu `update-initramfs -u`, kwenye interfaces andika `lan0`, ristati.

Na kama jina ni lilelile ila `ip link` imeandika `NO-CARRIER`, hiyo sio kadi bwana, ni kebo au ruta, badilisha kebo kwanza.

Ukishindwa kote huko na kazi inakungoja, nunua adapta ya USB ya netiweki yenye chipu ya RTL8153, Linux inaijua kwa draiva ya `r8152`, ila ichomeke kwenye USB 3, kwenye USB 2 gigabiti yako hutaiona. Mi niliwahi kuendesha seva kwa adapta hiyo wiki nzima nikisubiri mzigo, na watoto hawakujua kama kuna kitu kimeharibika.