Kabla Hujateremka Magadi kwa Baiskeli

Barabara ya Magadi hukupokea kwa ukarimu. Ukishapita Kiserian na kukwea hadi Kona Baridi, Bonde la Ufa linafunguka mbele yako, na kuanzia hapo sehemu kubwa ya njia ni kuteremka. Nairobi iko kwenye kimo cha takriban mita 1,700. Ziwa Magadi liko kwenye mita 600 hivi. Ni kama kilomita 110 za lami, na unaweza kuzimaliza ukidhani uko tayari kwa lolote. Mtihani ni kurudi. Kimo chote ulichopewa bure asubuhi unakilipa juani, katika joto linalofika nyuzi 35 na kupita. Maandalizi yako yote yapime kwa hiyo safari ya kurudi.

Wengi wetu tunafanya kazi, na kukanyaga baiskeli gizani katikati ya matatu siku za wiki ni hatari. Hapo ndipo treina ya ndani inapofaa, kile kifaa kinachoishika baiskeli ukanyage bila kusogea. Chumbani hakuna mteremko wa kupumzikia wala taa za barabarani. Saa moja ni saa moja ya kukanyaga kweli. Siku mbili za wiki ndani na moja ndefu nje zinamtosha mtu mwenye familia, mradi azishike kwa miezi mitatu bila kuruka ruka.

Kabla ya kupanga mazoezi, jua kiwango chako. Pasha mwili moto vizuri, kisha kanyaga dakika 20 kwa nguvu kubwa kabisa unayoweza kuishikilia mpaka mwisho bila kulegea. Chukua asilimia 95 ya wastani wa wati zako, yaani kipimo cha nguvu unayoitia kwenye pedeli: huo ni makadirio ya nguvu unayoweza kuihimili kwa saa moja. Safari ndefu iendeshe kwa asilimia 60 hadi 70 ya kiwango hicho. Kama huna kipima wati, tumia pumzi. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, uko mahali pazuri. Wanaoteketea njiani mara nyingi ni wale waliopanda Kiserian kwa kiburi saa moja asubuhi.

Feni ni ya lazima. Nje, upepo wa mwendo wako hukausha jasho na kuupoza mwili. Ndani, jasho linadondoka tu, mapigo ya moyo yanapanda, na unaacha zoezi mapema ukidhani miguu imeisha kumbe ni joto. Lakini joto hilohilo ni hazina kwa anayejiandaa kwenda Magadi. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kulizoea joto, na sisi tunaoishi kwenye baridi ya Ngong na Karen hatuna pa kulipata. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari, maliza mazoezi ya ndani kwa dakika 20 za mwendo mwepesi feni ikiwa imezimwa. Usifanye hivyo ukiwa peke yako nyumbani. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au baridi ya ghafla mwilini, shuka mara moja.

Siku mojawapo ya hizo, jipime uzito bila nguo kabla na baada ya saa moja ya kukanyaga. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, na uongeze ulichokunywa katikati. Tuseme unapoteza lita moja kwa saa. Chupa mbili za mililita 750 zitakufikisha saa moja na nusu, halafu? Sasa unajua kwa nini unahitaji kujua maduka ya Kiserian na Oltepesi kabla ya siku yenyewe, na kwa nini noti ndogo ndogo mfukoni ni sehemu ya vifaa. Usinywe kupita kiasi pia; ukirudi na uzito uliozidi ule wa asubuhi, ulikunywa maji mengi mno, na hilo lina hatari yake.

Chakula nacho kijaribiwe mapema. Lenga gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi ya wastani ina kama 25. Mimi hutengeneza kinywaji nyumbani: lita moja ya maji, vijiko 6 vikubwa vya sukari, robo kijiko kidogo cha chumvi, na ndimu mbili. Kinywe ndani kwanza, kwenye joto, uone tumbo linasemaje. Kisha jifunze kula barabarani, mkono mmoja kwenye usukani, macho mbele, jambo ambalo treina haiwezi kukufundisha hata ukae juu yake mwaka mzima.

Baiskeli pia hulipia mazoezi ya ndani. Msimu mmoja nilikanyaga bila kutandika taulo juu ya usukani. Fundi alipotaka kuurekebisha, skrubu inayoushika ilikuwa imevaa ukoko mweupe wa chumvi, na ilikatika mkononi mwake kwa mzunguko mmoja. Nilikaa nikaitazama ile nusu iliyobaki ndani. Ingekatika kwenye mteremko wa Kona Baridi, nikiwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, nisingekuwa naandika haya. Tandika taulo, futa fremu kila ukimaliza, na skrubu za usukani zikaguliwe kila mwezi. Treina inayosugua gurudumu la nyuma nayo hula tairi. Ule unga mweusi sakafuni ni mpira wako. Weka tairi jingine kwa ajili ya barabara.

Makalio hayadanganyiki. Ndani baiskeli haiyumbi, kwa hiyo unakaa palepale muda wote. Simama kwenye pedeli kila dakika kumi. Vaa kaptura yenye sponji bila nguo ya ndani.

Sasa miiba. Baada ya Oltepesi ni nchi ya migunga, na mwiba wake hupenya tairi kisha ukavunjika, ukabaki ndani kama ncha ya sindano. Ukibadilisha tyubu bila kuutafuta, ile mpya itatoboka kabla hujafunga pampu. Pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi lote. Pale kitakaponasa ndipo ulipo. Beba tyubu mbili, viraka na solusheni, na ufanye kazi hiyo nyumbani mpaka mikono iizoee.

Mipira ya breki iangaliwe juma la mwisho, si usiku wa mwisho. Katika juma hilo punguza saa za mazoezi karibu nusu na ulale vya kutosha.

Ondoka saa 11 alfajiri ukiwa na taa mbele na nyuma. Mtandao wa simu hukatika sehemu nyingine huko chini, kwa hiyo mwachie mtu wa nyumbani saa unazotarajia kupita Oltepesi, Olorgesailie na kufika Magadi, pamoja na saa ambayo akiwa hajakusikia atamtuma dereva. Na mkubaliane naye kabisa: kama saa nne asubuhi bado hujafika Olorgesailie, unageuzia palepale ulipofika.