Jinsi ya kuchunguza maji ya ardhini palipozikwa tangi la mafuta

Petroli ikivuja hushuka ardhini hadi ikute maji, kisha hutanda juu yake kwa kuwa ni nyepesi. Sehemu ndogo huyeyuka na kusafiri na maji. Unatafuta vitu viwili basi: mafuta yanayoelea, na kemikali zilizoyeyuka, hasa benzini (kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, si petroli yenyewe).

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kuchimba

Tangi zilikuwa ngapi, mabomba yalipita wapi, pampu zilikaa wapi? Usitazame shimo la tangi peke yake; viungio vya mabomba na mdomo wa kujazia navyo huvuja. Waulize wahudumu wa zamani na majirani wenye visima. Nyaya na mabomba ya maji yakishajulikana, mita moja na nusu ya kwanza chimba kwa mkono hata hivyo.

Hatua ya 2: Pima udongo

Kila nusu mita, jaza udongo nusu ya mfuko wa plastiki wenye zipu, funga, uache kivulini dakika 10, halafu penyeza ncha ya kipima mvuke. Usinuse, benzini husababisha saratani. Udongo wenye kipimo kikubwa ndio uende maabara. Dizeli hutoa mvuke kidogo, kwa hiyo kipimo kidogo si ushahidi kwamba udongo ni safi.

Hatua ya 3: Weka visima vya uchunguzi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Visima viwe vitatu au zaidi, visikae kwenye mstari mmoja: kimoja upande maji yanakotokea, vingine upande yanakoelekea. Kwa visima viwili huwezi kujua mwelekeo wa maji.

Tumia bomba la PVC (plastiki ngumu) la mm 50 lenye nyuzi za skrubu za kuungia vipande, usiunge kwa gundi. Gundi ya PVC ina viyeyusho vitakavyojitokeza kwenye majibu ya maabara. Sehemu yenye matundu membamba (mm 0.5) iwe na urefu wa mita 3 na ikatize usawa wa maji. Maji yakiwa mita 4, ianzie mita 2.5 na kuishia 5.5. Ukiizamisha yote chini ya maji, mafuta yataelea nje ya bomba na kisima kitakudanganya kuwa pako salama. Ukichimba kiangazi, acha nafasi ya maji kupanda wakati wa masika.

Zungushia mchanga safi wa mm 1 hadi 2 mpaka sm 50 juu ya matundu, kisha bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) sm 60 uimwagie maji ivimbe, kisha saruji hadi juu. Bila bentonaiti, mvua itashusha uchafu wa juu moja kwa moja kisimani. Vuta maji hadi yatoke maangavu, uache kisima kitulie. Wiki moja inatosha.

Hatua ya 4: Pima kina

Pima kimo cha mdomo wa kila bomba kwa levo (kifaa cha kupimia usawa wa ardhi), kwa usahihi wa milimita. Tofauti ya maji kati ya visima mara nyingi ni sentimita chache tu, na kosa dogo hugeuza mshale wa mtiririko.

Palipo na mafuta, uzito wake huyasukuma maji chini, kwa hiyo sahihisha. Mfano: mafuta yanaanza mita 4.20, maji mita 4.50. Unene ni 0.30. Zidisha kwa 0.74 (uzito wa petroli ukilinganishwa na maji), upate 0.22. Kina cha kweli cha maji ni 4.50 − 0.22 = mita 4.28. Unene wa kisimani huwa mkubwa kuliko ule wa ardhini. Usiutumie kukadiria lita zilizomwagika.

Hatua ya 5: Chukua sampuli

Anza na kisima kisafi, malizia na kichafu, na ubadilishe glavu kila kimoja. Bomba la mm 50 lina takriban lita 2 kwa kila mita ya maji. Toa ujazo wa maji yote yaliyomo kisimani mara tatu, au vuta polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, hadi pH (kiwango cha uasidi) na upitishaji umeme wa maji vitulie. Palipo na mafuta yanayoelea, andika unene wake tu. Sampuli ya hapo haina maana.

Jaza vichupa vya ml 40 vyenye asidi ya haidrokloriki bila kuvifurisha, hadi maji yainuke mdomoni. Funga, pindua, gonga. Ukiona kiputo, tupa na uchukue kichupa kipya: benzini hukimbilia hewani. Hifadhi kwenye barafu, karibu nyuzi 4, na vipimwe ndani ya siku 14. Weka sandukuni kichupa cha maji safi kilichotoka maabara. Nacho kikionyesha benzini, sampuli zako zimechafukia njiani.

Hatua ya 6: Soma majibu

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa benzini katika maji ya kunywa ni mg 0.01 kwa lita. Tazama pia oksijeni na naitreti zilizopungua, na chuma kilichoyeyuka kilichoongezeka: bakteria wanayala mafuta. Kisima cha jirani kikizidi kikomo, aache kunywa maji yake siku hiyo hiyo. Kuchemsha jikoni si tiba, mvuke utajaa ndani. Rudia vipimo masika na kiangazi, maana maji yakishuka mafuta hunata kwenye udongo, na yakipanda huyeyuka upya.