Wiki tatu nilimdekisha vyoo: namna ya kujua kijana anahitaji daktari, si adhabu

Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana Morogoro kwa miaka 19. Siku hizi wazazi hunipigia simu likizo: "Matroni, huyu mtoto simwelewi, ni ujana au ni ugonjwa?" Ninayowajibu mengi nimejifunza kwa kukosea, kwa hiyo naanza na kosa lenyewe.

Alikuwepo binti wa kidato cha tatu, mcheza netiboli, kicheko chake unakisikia toka bwaloni. Muhula wa pili akaanza kuchelewa mchakamchaka. Nikampa adhabu ya kudeki vyoo. Akachelewa tena, akadeki tena, wiki tatu nzima. Siku moja jirani yake wa kitanda akanifuata stoo, akaninong'oneza: "Matroni, huyu halali. Saa nane usiku yuko macho anaangalia neti." Tulipofika hospitali daktari akaniuliza ameanza lini kukosa usingizi. Sikuwa na jibu. Idadi ya siku alizochelewa nilikuwa nayo, imeandikwa vizuri kwenye daftari la nidhamu.

Tangu hapo sipimi mtoto kwa mtoto mwenzake. Wapo waliozaliwa wakimya, na wapo wa kununa wakinyimwa simu kisha ugali ukiiva wamesahau. Hao waache. Mpime kijana kwa alivyokuwa yeye mwenyewe miezi mitatu iliyopita. Alichokuwa anakipenda bado anakifanya? Kwaya, mpira, kusukana, kubishana na wadogo zake? Ukiona amekiacha, halafu usingizi umeharibika, chakula kinabaki, alama zinashuka na marafiki hawaji tena, na hali hiyo iko karibu kila siku kwa wiki mbili, mpeleke. Hizo wiki mbili ndicho kipimo wanachotumia madaktari kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Haina maana kwamba lazima uzisubiri ziishe.

Na usitafute machozi tu. Kwa vijana sonona mara nyingi huvaa sura ya hasira, anamfokea kila mtu, au ya maumivu. Nilikuwa na mmoja anayeumwa kichwa na tumbo kila Jumatatu. Amepimwa malaria mara tatu, hana. Mwingine alivaa sweta la mikono mirefu mwezi wa pili, na Morogoro mwezi wa pili mnaijua. Alikuwa anajikata mikono. Usimvute mkono kwa nguvu wala usiwaite wenzake waje kuona. Wengi wanaojikata hawatafuti kufa, wanatafuta nafuu ya maumivu ya ndani, lakini bado ni wa kupelekwa hospitali.

Chukua daftari dogo. Andika tarehe, amelala saa ngapi, amekula nini, amesema nini. Andika ulichokiona, usiandike hukumu: "hajala usiku", siyo "ana kiburi".

Sasa kuongea naye. Ukimkalisha sebuleni, baba huku, mama kule, shangazi mlangoni, utaambulia "sina kitu". Mimi nawasuka. Mtoto amekaa chini kati ya magoti yangu, hanioni uso, mikono yangu ina kazi. Yanatoka yenyewe ikifika mistari ya kisogoni. Baba mmoja aliniambia wa kwake huongea wakiosha pikipiki. Akianza kusema, nyamaza. "Sisi enzi zetu" ziweke kabatini. Kama kinachotoka ni kwamba amefanyiwa ukatili, mbali na hospitali kuna dawati la jinsia na watoto polisi, usiyamalize kifamilia.

Yapo yasiyosubiri hata kesho. Anasema heri afe, au "mtanikumbuka". Anagawa vitu vyake. Ukiona tranka linatolewa zawadi moja moja bila sababu, shtuka. Anasikia sauti ambazo wengine hamzisikii, au anaamini watu wanamfuata kumdhuru. Muulize waziwazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Mara ya kwanza kuuliza swali hilo magoti yalinitetemeka, nikihofu nampandia wazo. Hupandi kitu. Kama lipo, lilishakuwepo, na wengi hupumua mtu anapouliza. Akisema ndiyo, usifoke wala usimhubirie moto. Usimwache peke yake hata dakika moja. Fungia dawa zote za nyumbani, sumu ya panya na dawa za shamba, kisha nendeni hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku.

Kwa mengine, anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, wakuandikie rufaa kwenda hospitali ya mkoa, ukaulizie kliniki ya afya ya akili. Namba 116, simu kwa mtoto, ni bure. Mzazi anaweza kupiga na kijana mwenyewe pia. Mirembe ya Dodoma, hospitali ya magonjwa ya akili, tumeifanya utani wa kutishia watoto, "utapelekwa Mirembe", kisha siku mtoto anaumwa kweli anaficha. Utani huo mimi niliupiga marufuku bwenini.

Daktari anaweza kutaka vipimo vya damu, maana hata upungufu wa damu humchosha mtu akaonekana mvivu. Atataka pia kukaa na kijana bila wewe. Toka nje, usinune. Si kila mtoto hupewa vidonge. Wengine ni mazungumzo na mwanasaikolojia, wiki hadi wiki. Akipewa dawa za sonona, huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na asiziache kwa sababu tu ameanza kucheka. Anayeamua ni daktari.

Najua mtaniuliza mapepo. Jioni moja nimeona wasichana watano wakianguka mmoja baada ya mwingine, na mimi ni mwanakwaya, naomba kila siku. Mchungaji aombee, shehe asome dua, daktari apime. Hakuna anayemziba mwenzake njia. Lakini atakayekwambia utupe dawa, umfunge mtoto kamba au umpige ili kitu kitoke, ondoka na mwanao hapo hapo.

Siku ya kliniki toka alfajiri. Beba kadi ya bima kama unayo, lile daftari, na dawa zozote anazotumia, hata za mitishamba, zionyeshe zote. Beba na chapati na maji. Foleni ni ndefu, na mtoto mwenye njaa akiingia kwa daktari atajibu "sijambo" tu ili atoke.