SOMO: Usipoteze fosfati kabla hujaipima

Wakuu, kila wiki naulizwa, "Seli nimezichochea, mbona fosfati ya ERK haionekani?" ERK ni protini inayopitisha ishara ndani ya seli, na fosfati yake tunaitafuta kwa kingamwili juu ya utando (Western blot). Naandika leo kwa kirefu ili nisirudie.

Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfati kwenye ATP (molekuli ya nishati ya seli) na kuibandika kwenye serini, threonini au tairosini (asidi amino) za protini. Fosfatasi, kimeng'enya kingine, huibandua. Ishara ndani ya seli huwaka na kuzimika hivyo. Tatizo ni kwamba ukishapasua seli, fosfatasi haziachi kazi.

1. Zinyime seli seramu (majimaji ya damu yanayozilisha) usiku kucha, kisha zichochee.

2. Sahani juu ya barafu. Suuza kwa bafa (myeyusho unaotunza pH) baridi.

3. Tia vizuizi vya fosfatasi kwenye bafa ya kupasulia: floridi ya sodiamu kwa serini na threonini, othovanadati ya sodiamu kwa tairosini. Hapa nilipoteza miezi miwili. Niliyeyusha vanadati, nikashusha pH, myeyusho ukawa wa manjano kama chai ya tangawizi, nami nikautumia hivyohivyo. Manjano maana yake molekuli zimeshikana makundi makundi na hazizuii kitu. Weka pH iwe 10, chemsha mpaka rangi ipotee, acha ipoe, pima pH tena. Rudia mpaka ibaki 10 bila rangi. ONYO: EDTA na DTT (kemikali za kawaida za maabara) huiondolea vanadati nguvu. Tena vanadati ni sumu, vaa glavu.

4. Pasua, zungusha kwenye mashine, chukua maji ya juu.

5. Protini zikishahamishiwa kwenye utando, ziba utando kwa albumini ya ng'ombe ili kingamwili isishike ovyo.

6. Pima pia ERK yote (yenye fosfati na isiyo nayo), siyo yenye fosfati pekee.

Swali: Nimefuata yote, sioni kitu.
Jibu: Vanadati yako ina rangi gani?
Swali: Manjano kidogo tu.
Jibu: Rudi hatua ya 3. Usome safari hii.

Swali: Maziwa ya unga hayafai kuzibia?
Jibu: Yana kaseini, nayo imejaa fosfati. Kingamwili ya fosfati inaweza kuishika, utando wote ukawa mweusi.

Swali: Mkuu, kwa nini ERK inabandikwa fosfati mbili?
Jibu: Ahsante kwa kuuliza hili. MEK, kinasi inayoiwasha ERK, hubandika kwenye threonini ya 202 na tairosini ya 204 za ERK1 (aina moja ya ERK). Chaji hasi za fosfati hizo hukigeuza kitanzi kilicho karibu na kitovu cha kazi, ERK ikapata umbo la kufanya kazi. Ikiwa na moja tu haifikii nguvu kamili. Ukitaka uhakika kwamba mstari unaouona ni wa fosfati kweli, chukua sampuli isiyo na vizuizi, itie fosfatasi ya lamda, kisha uipime kando ya nyingine. Mstari ukitoweka, umepata.

Swali: Na sampuli zinazobaki?
Jibu: Gawa kwenye vichupa vidogo ndipo ugandishe. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.