Namna ya Kupima Muda wa QT na Kutambua Mdundo Hatari wa Moyo

Baada ya kila pigo, chembe za vyumba vya chini vya moyo hutoa potasiamu nje ili zijichaji upya. Kazi hiyo ikichelewa, hasa ikichelewa sehemu moja kuliko nyingine, pigo linalowahi hukuta huku tayari na kule bado. Umeme huanza kuzunguka ndani ya misuli, na mgonjwa huweza kuzimia au kufa ghafla.

Tabibu wa Lindi au Mtwara mwenye mashine ya ECG, inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi, anaweza kuiona hatari hiyo mapema kwa kupima muda wa QT, yaani muda tangu vyumba hivyo vianze kupata umeme hadi vimalize kujichaji upya. Hakikisha karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde, ambapo mraba mdogo ni milisekunde 40. Katika lidi ya II au V5 (mistari miwili kati ya ile inayochorwa na mashine), pima kuanzia mwanzo wa wimbi la Q hadi mwisho wa wimbi la T, kwa mapigo matatu hadi matano, kisha tafuta wastani. Namba inayochapishwa na mashine isikutoshe, kwani wimbi la T likiwa bapa mashine hukosea mwisho wake.

Sasa rekebisha kulingana na kasi ya moyo. Zipo kanuni mbili zinazoitwa kwa majina ya waliozitunga: Bazett aligawanya QT kwa kipeuo cha pili cha sekunde zilizo kati ya pigo na pigo; Fridericia, mwaka huohuo wa 1920, alitumia kipeuo cha tatu. Mgonjwa wa homa mwenye QT ya milisekunde 380 na milisekunde 600 (sekunde 0.6) kati ya mapigo hupata takriban 490 kwa Bazett, lakini 450 kwa Fridericia. Moyo ukienda mbio ninamwamini Fridericia, maana kanuni ya Bazett hutia chumvi. QT iliyorekebishwa ikizidi milisekunde 500, usimruhusu mgonjwa kurudi nyumbani. Wimbi la T likibadilika umbo pigo kwa pigo, kubwa kisha dogo, hiyo ni ishara nzito zaidi.

Msimu wa mvua huku kusini, malaria na kuhara vinapokutana, uliza dawa zote alizotumia: kwinini, erithromaisini, flukonazoli na haloperidoli hurefusha QT, na kuhara humaliza potasiamu na magnesiamu. Uliza pia kama yupo ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, au kama "kifafa" cha mgonjwa mwenyewe huja anaposhtuka au kukimbia.

Sitisha dawa inayoshukiwa, rudisha potasiamu, na mdundo ukisokotana (mawimbi ya ECG yakionekana kama kamba inayojipinda) mpe mtu mzima gramu 2 za magnesiamu salfeti kwenye mshipa. Asipokuwa na mapigo, anza kukandamiza kifua na umpige shoti ya umeme mara moja. Rufaa ya kwenda hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) iambatane na karatasi ya ECG yenyewe, pamoja na mhudumu anayeweza kufufua njiani.